Anza na geti la shule, vigae baadaye

Ajenti akikufungulia nyumba Nairobi, huanza na vigae. Kisha kabati za jikoni, kisha taa zilizofichwa darini, kisha chumba kikuu chenye bafu lake, na mwisho tetesi kwamba kuna mtu mwingine anakuja kuiangalia saa nane. Hatakuambia mtoto wa Gredi ya 3 atakayeishi humo atakuwa akiamka saa ngapi. Si kosa lake, maana hukumuuliza.

Swali hilo ndilo linalofaa kutangulia. Familia nyingi jijini hupanga mambo kinyume: nyumba kwanza, kwa kipimo cha kodi na sebule, halafu shule, halafu gari la kuunganisha viwili hivyo. Matokeo yake ni nyumba kubwa ambayo mtoto huiona gizani siku tano kwa wiki. Maoni yangu ni kwamba mzazi anayelea watoto Nairobi achague geti la shule kwanza, azunguke hapo kwa miguu, na nyumba aitafute ndani ya mzunguko huo hata ikimbidi apoteze chumba kimoja.

Hesabu ya usingizi inatosha kuonyesha sababu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12 kila usiku. Basi la shule likimchukua saa kumi na moja unusu alfajiri, lazima awe macho saa kumi na moja kasorobo. Ili afikishe zile saa 9, ambazo ni kiwango cha chini, anatakiwa awe amelala saa mbili kasorobo usiku. Saa hizo wazazi wengi bado wamekwama Jogoo Road au Mombasa Road, na kazi ya ziada ya mtoto haijaangaliwa na mtu. Kanuni za Elimu ya Msingi za 2015 zinaweka vipindi vya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa unusu alasiri. Kwa hiyo mara nyingi linalomwamsha mtoto alfajiri ni njia ya basi kuliko masomo yenyewe. Basi huanza kukusanya watoto kutoka mbali, na jioni huwashusha likirudi njia ile ile. Anayekaa mwisho wa njia huchukuliwa wa kwanza na kushushwa wa mwisho, miaka nenda miaka rudi.

Na miaka yenyewe imeongezeka. Chini ya mfumo wa zamani wa 8-4-4, wengi walimaliza darasa la nane wakaenda bweni. Kuanzia Januari 2023, Gredi ya 7, kisha ya 8 na ya 9, yaani sekondari msingi, ziliwekwa ndani ya shule za msingi. Ukihesabu PP1 na PP2, yaani madarasa mawili ya awali, gredi sita za msingi na tatu za sekondari msingi, mtoto mmoja anaweza kupita kwenye geti lile lile kwa miaka 11. Hakuna mkataba wa nyumba utakaotia sahihi wenye urefu huo. Ndiyo maana inafaa kuuliza mapema kama shule ina maabara ya sayansi na walimu wa Gredi ya 7 kwenda juu, kwa sababu kuihama katikati ni kuanza hesabu yote upya.

Kuna watakaosema kodi ya karibu na shule haishikiki. Wakati mwingine ni kweli. Mara nyingi, lakini, kodi imelinganishwa peke yake. Tuseme nyumba ya vyumba viwili nje ya jiji ni shilingi 20,000, na ndogo zaidi iliyo karibu na shule ni 32,000. Wazazi wawili wakilipa nauli ya 100 kila safari, kwenda na kurudi, siku 22 za kazi, hiyo ni 8,800. Gari la shule la watoto wawili kwa 5,000 kila mmoja ni 10,000. Nyumba ya bei nafuu imefika 38,800. Ile ya karibu, ambako watoto wanatembea na nauli ya wazazi ni nusu, yaani 4,400, imesimama kwenye 36,400. Tarakimu zako zitatofautiana na hizi, na huenda zikakupa jibu jingine, lakini ziandike zote kwenye karatasi moja kabla ya kulipa amana.

Njia ya kwenda shuleni ipimwe kwa miguu, siku ya wiki, saa kumi na mbili unusu asubuhi, kwa mwendo wa mtoto aliyebeba mkoba. Umbali si kila kitu. Kilomita moja na nusu kupitia barabara za ndani za mtaa ni afadhali kuliko mita 300 zinazolazimu kuvuka Outer Ring au Waiyaki Way mahali pasipo na daraja la miguu. Mtoto wa miaka saba au minane bado hawezi kukadiria vizuri kasi ya gari linalokuja. Huliona liko mbali, akaamini anao muda. Daraja likiwepo, angalia kama watu wanalitumia kweli. Likikwepwa na watu wazima, mtoto naye atafuata kundi.

Kwa mtoto aliye chini ya miaka minne, shule si hoja bado. Kinachotawala hapo ni zahanati, kwani chanjo ni za wiki ya 6, 10 na 14, kisha mwezi wa 9 na wa 18, bila kuhesabu homa za usiku. Yaya pia ni hoja. Yaya anayetoka kwake kila asubuhi hukubali kazi kwa kuangalia nauli, na mtaa usio na matatu ya moja kwa moja utamchosha na kumwondoa. Mzazi mwenye mtoto mmoja mchanga anaweza basi kukaa popote penye maji na usalama kwa miaka mitatu, mradi ajue kwamba atahama tena.

Nikishataja maji, hapo ndipo nyumba nyingi nzuri huanguka. Nairobi hutegemea sana bwawa la Ndakaini lililoko Murang'a, na mitaa mingi hupata maji ya kaunti kwa mgao. Ukiambiwa "maji hayapotei hapa", usibishane, piga hesabu. Familia ya watu watano wanaotumia lita 50 kila mmoja kwa siku inahitaji lita 250. Mgao ukiwa siku mbili kwa wiki, kuna siku tano za kujitegemea, sawa na lita 1,250. Sasa panda juu ya jengo uhesabu matangi. Nyumba 40 zenye matangi mawili ya lita 10,000 zimegawana lita 500 kila moja, yaani siku mbili za familia hiyo. Siku ya tatu ni mkokoteni na mitungi ya lita 20, na mitungi hiyo hupandishwa ngazi na mtu. Kama kuna tangi la chini ya ardhi, omba vipimo: urefu kwa upana kwa kina, kwa mita, zidisha mara 1,000 upate lita. La mita 4 kwa 3 kwa 2 lina lita 24,000. Uliza pia pampu inafanya nini stima ikipotea.

Wapo watakaokujibu kwamba ploti ina kisima cha kuchimbwa, kwa hiyo shida hizo haziwahusu. Kwa kufulia na kupigia deki, sawa. Kwa kunywa na kupikia, mwenye watoto wadogo asimame hapo kidogo. Maji mengi ya chini ya ardhi Nairobi yana floridi nyingi, na visima vingi hupita kiwango cha miligramu 1.5 kwa lita kilichowekwa na Shirika la Afya Duniani. Meno ya kudumu hujengeka ndani ya ufizi tangu mtoto anapozaliwa hadi karibu miaka minane. Floridi ikizidi katika kipindi hicho, yanatoka na madoa meupe au ya kahawia ambayo mswaki hauyaondoi. Floridi haina ladha, kwa hiyo maji kuwa matamu hakuthibitishi lolote. Kuyachemsha hakusaidii, maana maji hupungua na floridi ikabaki, ikawa nzito zaidi. Kichujio cha kawaida cha mshumaa hakiigusi. Mashine inayosukuma maji kupitia utando mwembamba sana huipunguza, na makaa ya mifupa pia. Omba ripoti ya maabara ya kisima hicho, uangalie tarehe na mstari wa floridi. Kama haipo, jizoeshe kutenga maji: ya kaunti kwenye mtungi wa kunywa na sufuria ya uji, ya kisima kwa mengine. Nyumba yenye mabomba mawili tofauti jikoni, la kaunti na la kisima, ina thamani ambayo ajenti huwa haijui.

Tangi hilo la chini lina jambo jingine. Mfuniko wake uko wapi, na unafungwa na nini? Mtoto wa miaka miwili hazami kwa kelele. Mfuniko wa bati uliowekewa jiwe juu si mfuniko. Unatakiwa uwe wa chuma au zege, wenye kufuli, na ufunguo uwe kwa keateka, yaani mtunza jengo. Vivyo hivyo mashimo ya majitaka uani. Yakanyage yote ukiwa na keateka pembeni, usikie lipi linatikisika.

Kisha ghorofa. Majengo mengi ya ghorofa tano na sita hayana lifti, na mtoto mchanga, mkoba, ununuzi na mtungi wa gesi wa kilo 13 haviwezi kupanda pamoja. Chini kabisa nako kuna mashaka yake: bomba la majitaka likiziba, uchafu hutokea kwenye choo kilicho chini kuliko vyote, na hicho ni chako. Ghorofa ya kwanza, ngazi moja kutoka uani, ndiyo ningeitafuta kwanza. Lakini popote utakapokaa, nenda na utepe wa kupimia. Ukingo wa roshani na wa ngazi uwe na kimo cha sentimita 110 hivi. Nafasi kati ya nondo isizidi sentimita 10, sawa na upana wa kiganja cha mtu mzima pamoja na kidole gumba, kwani palipopita mwili wa mtoto kichwa nacho hufuata au hukwama. Kuliko vyote, tazama nondo zimelala au zimesimama. Mafundi wa Nairobi wanapenda zile za kulala kwa sababu zinapendeza machoni. Kwa mtoto wa miaka mitatu hizo ni ngazi. Mwenye nyumba akikubali kuweka wavu wa chuma, aandike kwenye mkataba. Akikataa, roshani hiyo ifungwe na kufuli miaka mitano, na stuli au ndoo isikae karibu nayo.

Grili za madirisha huzuia mwizi na mtoto asianguke, lakini grili isiyofunguka huzuia pia kutoka moto ukizuka mlangoni. Angalau dirisha moja, hasa la chumba cha watoto, liwe na sehemu ya kufunguka yenye kufuli, na ufunguo utundikwe ndani mahali mtu mzima anapofikia gizani.

Bafuni, inua macho uangalie shawa ya stima. Ile ya kilowati 5.5 kwenye volti 240 huvuta karibu ampea 23. Inahitaji waya wake mwenyewe kutoka kwenye boksi la swichi, wa milimita 6 za mraba, pamoja na waya wa ardhi. Kosa la kawaida ni fundi kuiunganisha kwenye waya mwembamba wa taa au soketi. Waya hupata moto, ngozi yake ya plastiki huyeyuka, na siku moja mtu aliyelowa anapigwa shoti. Dalili ni swichi ya ukutani iliyopauka au kuungua pembeni, na taa kufifia shawa inapowashwa. Kwenye boksi tafuta swichi yenye kitufe kidogo cha T, ile inayokata stima inapovuja. Kibonyeze. Isipokata papo hapo ni pambo tu. Isipokuwepo kabisa, basi watoto waoge kwa beseni hadi iwekwe. Mita nayo uulize kama ni ya kampuni ya stima au ya mwenye ploti, maana wengine huuza tokeni zao kwa bei yao.

Udongo wa jiji hili haufanani. Upande wa Embakasi hadi Syokimau na Kitengela kuna udongo mweusi unaovimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na nyumba zenye msingi hafifu hupasuka. Ufa mwembamba wa plasta si neno. Ufa wa mshazari unaoanzia kwenye kona ya dirisha, unaoweza kumeza ukingo wa sarafu, ni wa kuogopa, hasa ukirudiwa ghorofa ya juu mahali pale pale. Kwa majengo yaliyo kando ya mito, kumbuka jengo la mtaa wa Huruma lililoporomoka usiku wa 29 Aprili 2016 na kuua watu zaidi ya 40. Lilikuwa tayari limeagizwa libomolewe, na bado lilikuwa na wapangaji. Na baada ya mafuriko ya 2024 serikali iliwaamuru waliojenga ndani ya mita 30 kutoka mtoni wahame. Nyumba ya bei rahisi ajabu yenye mto nyuma yake imeshaeleza sababu ya bei yake.

Nyumba ya kuhamia Januari ni vyema uitazame Novemba, mvua ya vuli ikinyesha, au Aprili ukiwa na subira. South C na Nairobi West, kwa mfano, zina barabara ambazo kiangazi huwezi kuzishuku. Tafuta mstari wa maji ukutani, kutu chini ya geti, na kizingiti kilichoinuliwa kwa matofali mlangoni, kwani hakuna anayejenga kizingiti cha futi moja kwa urembo. Halafu nunua sukuma wiki kwa mama mboga wa kona na umuulize maji hufika wapi. Yeye hana nyumba ya kukupangisha.

Baridi ya Juni hadi Agosti nayo haisameheki kwa mtoto mwenye pumu. Miezi hiyo jua liko upande wa kaskazini, kwa hiyo chumba cha kulala chenye dirisha la kaskazini au mashariki hukauka vizuri kuliko cha kusini. Sogeza kabati, unuse ukuta. Rangi mpya ya chumba kimoja tu mara nyingi imefunika ukungu. Katika majengo yaliyobanana, kama mengi ya Pipeline, madirisha hufungukia shimo la hewa ambalo mkono wako unagusa ukuta wa jirani. Zima taa saa sita mchana. Ukishindwa kusoma gazeti, mtoto atashindwa kusoma kitabu.

Kuhusu kucheza, jiji limerudi nyuma. Mitaa ya zamani ya baraza la jiji, kama Kaloleni na Jericho, ilipangwa ikiwa na uwanja kati ya nyumba, na mabomba yakichakaa nafasi hiyo bado ipo. Hata Buruburu, kabla ya maduka na vyumba vya nyongeza kujaa mbele ya nyumba, ilikuwa na vikundi vya nyumba zinazotazamana ambapo mzazi alimwona mtoto kutoka dirishani. Ploti mpya zina lami hadi ukutani na gari kila mahali. Watoto huko huchezea penye magari yanayorudi nyuma, na dereva wa gari refu hamwoni mtoto aliyechuchumaa. Soma sheria zilizobandikwa getini: kama mpira, baiskeli na kelele baada ya saa kumi na mbili vimekatazwa vyote, mwenye ploti ameshasema kwamba hataki watoto bali kodi yao. Nenda pia Jumamosi saa nne usiku, usikie baa na vipaza sauti vya maombi kabla ya chumba cha watoto kupangwa kuelekea upande huo.

Majirani wa kazi wana uzito kuliko majirani wa nyumba. Usiku wa 1 Februari 2024 gesi ililipuka Mradi, Embakasi, katikati ya makazi ya watu. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, hutambaa chini ikitafuta mtaro, na huwaka pale itakapokutana na cheche. Zunguka mita mia kadhaa ukitafuta mahali mitungi inapojazwa, si duka la kuuza tu. Moshi nao uutazame unavyoelekea. Uchunguzi wa UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, wa 2007 karibu na jaa la Dandora ulikuta nusu ya watoto waliopimwa wana madini ya risasi mengi kwenye damu, na madini hayo huharibu ubongo unaokua bila dalili ya nje.

Imebaki karatasi. Sheria ya kudhibiti kodi za nyumba, Sura ya 296, inawalinda wanaolipa kodi isiyozidi shilingi 2,500 kwa mwezi, kiasi ambacho ni nadra kupangisha nyumba ya familia jijini. Kwa wengine wote, mkataba ndio ngao. Mikataba ya ajenti huandika notisi ya mwezi mmoja, ikisemwa ni sawa kwa pande zote. Kwa mwenye watoto si sawa, kwani notisi ikitolewa Mei unahama katikati ya muhula, na shule ya karibu huenda haina nafasi. Omba mambo mawili: mwenye nyumba akikutoa atoe notisi ya miezi mitatu, na kodi isipande ila Januari, kwa taarifa ya maandishi iliyofika kabla ya Oktoba kwisha. Mwaka wa shule unafungwa muda huo, na kama ni kuhama, Desemba watoto wako nyumbani. Amana nayo iandikwe itakatwa kwa lipi. Piga picha za kuta, mabomba na swichi siku ya kupokea funguo, mtumie keateka kwenye simu siku hiyo hiyo. Rangi ya ukuta uliochorwa na kalamu za watoto utalipa tu. Ukungu uliokuwepo kabla yako usiulipie.